Mzigo Uliomrudisha Mudrick

Habari kwamba lori la madawati limenasa kwenye mchanga wa korongo ilimkuta Mwalimu Anyesi amepiga magoti katikati ya darasa la pili, akiwafundisha watoto kuandika herufi kwa kidole kwenye vumbi la sakafu.

Hakuwa akicheza. Madawati machache ya Shule ya Msingi Ihumbwe yalikuwa ya darasa la saba, wale waliokuwa wakijiandaa kwa mtihani. Wadogo walikaa chini, na daftari la mtoto likijaa kabla baba hajauza mbuzi mnadani, sakafu ndiyo iliyokuwa daftari. Anyesi alikwisha kuzoea. Magauni yake yote yalikuwa na madoa mekundu magotini, madoa yasiyotoka kwa sabuni yoyote, na mama mmoja kanisani aliwahi kumtania kwamba kwa kusali tu hajapata kuona mtu akichakaa vile.

Mwalimu Mkuu Ernest alichomoza kichwa dirishani, uso wote meno.

"Mwalimu Anyesi! Wale wageni wetu wa mjini wamefika! Ila korongo limewashika. Nimewaita wazazi, tukabebe mzigo kwa mikono. Twende, twende!"

Wakaenda. Kiangazi kile upepo ulikuwa mkali kweli, ule upepo wa Dodoma unaompiga mtu mchanga wa macho bila kumwomba radhi. Anyesi alijitanda kanga kichwani, akateremka na kundi la wazazi hadi korongoni. Canter moja ya buluu ilikuwa imezama tairi za nyuma, imeinua pua kama mbuzi anayekula majani ya juu. Dereva wake, Wambura, mtu wa Mara mwenye kitambi na sauti ya radi, alikuwa amekaa kwenye kivuli cha gari lake mwenyewe akilaumu.

"Mimi nimeendesha mpaka Mpanda! Sijaona mchanga wa namna hii! Hii mmeita barabara nani aliwaruhusu?"

Watu wakacheka. Anyesi naye alikuwa anaanza kucheka, alipomwona mtu aliyeinama nyuma ya gari, suruali imekunjwa hadi magotini, akichota mchanga kwa beleshi.

Aliujua mgongo ule kabla ya kuuona uso. Aliijua ile namna ya bega la kushoto kushuka kidogo kuliko la kulia. Akataka kurudi nyuma ya mama aliyekuwa mbele yake, lakini yule mtu alikwisha kusimama kujifuta jasho, akageuka, na macho yao yakakutana.

Mudrick.

Beleshi lilimtoka mkononi likaanguka mchangani bila kishindo. Alikuwa amekonda kidogo, ndevu zimejaa, lakini macho ni yale yale, macho ya mtu anayeomba samahani kabla hujamwambia kosa.

"Mwalimu Anyesi," Mwalimu Mkuu alisema, asijue anawasha moto, "shika upande huo na mgeni wetu. Dawati hili zito. Ndiye Mwalimu Mudrick, ndiye aliyehangaika mpaka tukapata haya yote!"

Angesema nini mbele ya watu? Anyesi akashika upande wake. Mudrick akashika wa kwake. Wakaliinua dawati, wakaanza kupanda ukingo wa korongo, Anyesi mbele akienda kinyumenyume, Mudrick nyuma, dawati katikati yao.

"Hujambo, Anyesi?"

"Kaza mkono. Litaanguka."

Wakaendelea kupanda. Ubao wa dawati ulikuwa umepigwa msasa na kupakwa vanishi upya, ulinukia utajiri. Wazazi waliwapita na viti vichwani, wakiimba. Anyesi alijitahidi kutazama bega la Mudrick badala ya macho yake, lakini mtu anayetembea kinyumenyume hana budi kumwamini anayeiona njia.

"Kisiki kushoto," Mudrick alisema.

Akakikwepa. Kisha swali likamtoka lenyewe.

"Ulijua niko hapa?"

"Nilijua."

"Nani alikwambia?"

"Nilijua siku zote uko wapi, Anyesi. Shule ninayofundisha mjini imenunua samani mpya. Haya walitaka kuyafanya kuni. Nikamwomba mkuu wetu asiyachome, nikakusanya walimu wenzangu, tukawa tunagonga misumari kila Jumamosi. Wazazi nao wakaleta ambavyo watoto wao wamekwisha kuvipita: vibao vya kuandikia, ramani, bikari za ubaoni. Ofisi ya elimu ikatutajia shule zenye shida kubwa. Walipotaja Ihumbwe, sikusubiri wamalize."

"Kwa hiyo ni chambo."

"Siyo chambo."

"Mwanamume anapotea, hata salamu hana, halafu anatokea na gari la zawadi kwa wanafunzi wangu, wazazi wangu, kijiji changu chote. Ukiniita leo nisipoitika, mbaya nani? Mimi! Hicho unakiitaje?"

Mudrick alisimama. Dawati likavuta mikono ya Anyesi, naye akasimama pia.

"Baba yako alinifukuza," alisema kwa sauti ya chini. "Mjomba wangu alisimamishwa nje ya boma lenu juani kama mwizi wa mbuzi. Hata kigoda hakupewa. Mzee alisema binti yake hataingia nyumba ya Kiislamu, akatugeuzia mgongo. Nikarudi Kondoa, nikamkuta mama yangu naye amekwisha kuapa kwamba mtoto wa katekista akiingia kwake, yeye hatakula cha mkono wake. Ningefanya nini? Niliona kila nikikupigia simu nakuchelewesha tu. Nikasema nikae kimya, atapata wa kwao."

Anyesi aliubana ubao wa dawati. Aliyasubiri maneno haya kwa muda mrefu mno, na sasa yalipokuja yalimtia hasira kuliko ule ukimya.

"Baba yangu alikukataa, Mudrick. Mama yako alinikataa. Sawa. Na mimi? Mimi nilikukataa lini?"

Mudrick aliinamia dawati.

"Niambie siku niliyokukataa! Ulikaa, ukapima, ukaamua kwa niaba yangu, kama kwamba mimi ni ndama anayepelekwa na kurudishwa. Nilipiga simu mpaka yule dada wa kwenye simu nikamchukia. Nilidhani umekufa! Nilimwuliza kila mtu wa Kondoa niliyekutana naye kama kuna msiba kwenu. Ningekuwa mjane ambaye hata hajaolewa!"

Sauti ilimkatika. Wazazi wawili waliokuwa wakipita na ubao walitazamana, wakaongeza mwendo.

"Nilikosa," Mudrick alisema. "Sina utetezi. Nilijiambia ni kwa ajili yako, lakini ukweli niliogopa. Niliogopa nikikuuliza, utasema tupambane, nami sikuwa na nguvu."

Anyesi alimtazama. Machozi yalikuwa yamejaa machoni mwake, na mikono yote miwili ilikuwa imeshika dawati, hakuna wa kuyafuta. Mudrick naye alikuwa hivyo hivyo.

"Inua," Anyesi alisema hatimaye. "Watoto wanasubiri."

Uwanja wa shule uligeuka gulio. Madawati yalipangwa kwenye mstari, maboksi yakafunguliwa. Vikatoka vibao vyeusi vidogo ambavyo mtoto huandika kwa chaki, akafuta, akaandika tena, mwaka hata mwaka. Zikatoka ramani za ukutani zilizotiwa migongo mipya kwa gundi, mikasi, fremu za kuhesabia zenye shanga za rangi. Likatoka tufe la dunia, lenye kovu lililozibwa pale penye Urusi. Mama mmoja mzazi aitwaye Dorothea, mwenye watoto wanne shuleni hapo, alilizungusha kwa kidole chenye tope la matofali.

"Mwalimu mgeni, Ihumbwe iko wapi humu?"

"Ni ndogo, mama, haionekani. Ila Tanzania ni hii hapa."

"Basi aliyelitengeneza hakufika." Watu wakaangua kicheko. Mudrick akachukua kalamu ya wino, akamwomba amshikie, akatia nukta ndogo katikati ya nchi. Dorothea akapiga vigelegele kana kwamba amepata mjukuu.

Vigelegele vilikuwa havijatulia Mzee Zablon alipofika kwa baiskeli yake.

Mzee Zablon alikuwa katekista wa kanisa la kijiji na mwenyekiti wa kamati ya shule. Tena alikuwa baba yake Anyesi. Aliteremka taratibu, akaiegemeza baiskeli ukutani, akavua kofia. Uso ulikuwa na furaha mpaka alipomwona mgeni. Ndipo ukafunga, kama mlango.

"Shikamoo, mzee," Mudrick alisema, ameinamisha kichwa.

Mzee aliikung'uta kofia yake vumbi pole pole, mpaka watu wakaanza kutazamana.

"Marahaba," mzee alijibu mwisho, maana salamu hainyimwi mtu. Kisha akamgeukia Mwalimu Mkuu. "Ernest, mzigo huu urudi garini."

"Mzee wangu, mwenyekiti, hapana, haya ni..."

"Urudi garini! Nyie hamjui. Mtu akikataliwa mlangoni hupitia dirishani. Kijana huyu alikuja kwangu na mjomba wake nikamkatalia. Leo amekuja na madawati. Kesho atakaa pale kwangu aseme, mzee, ulipokea. Kwetu ukila cha mtu, umemfungulia zizi."

Minong'ono ilienea uwanjani. Kumbe! Ndiye yule! Anyesi alihisi macho ya kijiji kizima yakimtambaa mwilini kama siafu.

"Mzee Zablon," Dorothea alisema, na hakuwa akicheka tena, "mwanangu anaandika kwenye mavumbi. Anarudi nyumbani anakohoa. Mambo ya zizi lako maliza nyumbani kwako."

"Mama Dorothea, usinifundishe..."

"Baba, naomba kusema."

Ilikuwa sauti ya Anyesi. Alisogea, akapiga goti mbele ya baba yake kama binti aliyelelewa, lakini macho hakuyainamisha.

"Baba, huyu mtu alinikosea mimi kuliko alivyokukosea wewe. Wewe alikuja kwako kwa heshima, ukamfukuza. Mimi aliniacha bila neno. Kwa hiyo kama kuna mwenye haki ya kukataa vitu vyake, ni mimi. Nami nasema vipokelewe. Na kama unaogopa kwamba tukivipokea mimi nimeuzwa, basi nasema mbele ya watu wote hawa: sitaolewa na Mudrick kwa sababu ya dawati, wala kibao, wala chaki. Hana deni kwangu na mimi sina deni kwake."

Alisema bila kumtazama Mudrick. Hakuthubutu.

Mzee Zablon alikohoa. "Kijana, umesikia?"

"Nimesikia, mzee."

"Nikikwambia ondoka sasa hivi, usirudi Ihumbwe, madawati yanabaki?"

"Yanabaki, mzee. Si yangu. Yalikuwa ya watoto kule, sasa ni ya watoto huku. Mimi nimepiga misumari tu." Aliinama, akaikunjua suruali yake. "Ile miguu ya dawati la mwisho haijakaza vizuri. Mwalimu Mkuu, gundi nimeiacha kwenye boksi la ramani. Kwaherini."

Akawapungia wazazi mkono, akageuka, akaanza kuteremka kuelekea korongoni, bega la kushoto limeshuka. Hakugeuka nyuma hata mara moja. Anyesi alibaki pale amepiga goti, na kila hatua ya Mudrick aliisikia kifuani.

Mzee Zablon alitazama huku na huku kama mtu aliyesahau alichokuja kukifanya, kisha akajikalisha kwenye dawati moja dogo kati ya yaliyoletwa. Magoti yalimfika kidevuni. Alipapasa ubao wake, akaona mahali ambapo ufa ulizibwa kwa kipande kingine cha mbao kwa uangalifu mwingi, mpaka kidole kisijue ufa ulipita wapi.

"Njoo ukae hapa," alimwambia Anyesi.

Anyesi akakaa kando yake, wamebanana kama wanafunzi.

"Hakubishana," mzee alisema.

"Hapana, baba."

"Siku ile nayo hakubishana. Ndiyo iliyonikasirisha. Dini nilisema, ndiyo, na dini ni jambo kubwa kwangu, siwezi kukudanganya. Lakini nilimwona anaondoka upesi, nikasema, huyu anayeondoka kirahisi hivi akiwa nje, ataondoka hata akiwa ndani, na binti yangu atabaki na watoto." Akafuta vumbi lisilokuwepo kwenye dawati. "Leo nilikuwa nataka nione kama atapakia. Wengi wangepakia."

Anyesi alifuata kwa kidole ule ufa uliozibwa.

"Unamtaka?"

Swali lilikuja ghafla hata akashtuka. "Sijui, baba. Nina hasira naye. Lakini hilo swali, baba... tangu siku ile hujawahi kuniuliza."

Mzee Zablon aliinamisha kichwa. Alikuwa mtu mzima, mtu wa kusimama mbele ya waumini, na sasa alionekana mdogo ndani ya dawati lile dogo.

"Ni kweli. Sikuuliza. Mama yako angekuwa hai angeniuliza mimi kwa nini sikuuliza." Alipumua. "Basi nimeuliza leo. Jibu usiniletee mimi kwanza. Mambo ya msikiti na kanisa yana wakubwa wake, yatazungumzwa, na mimi nitapiga magoti kwa Mungu wangu niyalie. Sijasema ndiyo, umenisikia? Sijasema ndiyo. Nimesema sitakuziba mdomo."

Akajivuta kutoka kwenye dawati kwa shida, magoti yakilia, akawageukia watu.

"Ernest! Madawati tumepokea. Binti hatujatoa!"

Kicheko kilichopasuka hapo kiliwarusha kunguru juu ya paa. "Na hebu vijana wawili wakimbie kwangu wafunge maksai nira. Yule dereva mwenye makelele atalala korongoni?"

Anyesi alikuwa amekwisha kusimama kuwafuata vijana.

Alifika korongoni wakati maksai wa baba yake wanavuta, shingo zimejaa mishipa, na Canter inatoka mchangani ikinguruma, Wambura akishangilia ndani kana kwamba yeye ndiye aliyeivuta. Mudrick alikuwa akisukuma kwa nyuma. Gari liliposimama kwenye ardhi ngumu, alipanda kiti cha mbele, akafunga mlango. Ndipo alipomwona.

"Shuka," Anyesi alisema.

Akashuka. Wakasimama wakitazamana, upepo ukipeperusha kanga ya Anyesi. Wambura alizima injini, akaegemeza kiwiko dirishani na kutulia kama mtu aliyekata tiketi.

"Wambura," Mudrick alisema, "nenda kaangalie tairi."

"Tairi ziko sawa."

"Kaangalie tena."

Wambura akashuka akinung'unika, akaenda upande wa pili.

"Baba ameniuliza kama nakutaka," Anyesi alisema.

"Ukamjibuje?"

"Nimesema sijui. Nina hasira, Mudrick. Na sitaki uniahidi kwamba utakuja kupambana na baba, kwa sababu baba si tatizo langu leo. Nataka nijue, safari hii, kikitokea kikwazo, utaniambia au utanyamaza?"

"Nitakwambia."

"Hata kama ni mama yako?"

Akasita. Kidogo tu, lakini akasita, naye Anyesi akakiona kile kidogo.

"Toa simu. Mpigie."

"Sasa hivi?"

"Mimi nimesema mbele ya kijiji kizima nimepiga goti. Wewe unaogopa simu?"

Mudrick alitoa simu. Iliita mpaka Anyesi akadhani haitapokelewa, kisha sauti ya mwanamke ikajaa, na nyuma yake kuku wakigombana.

"Mwanangu! Umefika salama? Umekula?"

"Nimefika, mama. Mama, kuna mtu... kuna mtu anataka kukusalimia."

Akampa simu. Anyesi akaweka kanga sawa kichwani, kana kwamba mama yule alikuwa akimwona.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nani mwenzangu?"

"Naitwa Anyesi, mama. Binti Zablon."

Kuku walifukuzwa kwa sauti kali, kisha mama akarudi kwenye simu.

"Anyesi yule wa Ugogoni?"

"Ndimi, mama."

"Mbona una kasauti kadogo hivyo? Mimi miaka yote nilidhani una sauti kubwa, ya kunyang'anyia watoto wa watu."

Anyesi hakutaka kucheka, lakini kicheko kilimponyoka, kikachanganyika na machozi, akaziba mdomo kwa kanga. "Mama, nilisikia uliapa hutakula chakula cha mkono wangu."

"Niliapa," Mama Joha, mama yake Mudrick, alisema bila kusitasita. "Nikamwapia huyo huyo. Tangu hapo akija nyumbani anakula kama mgonjwa, anaamka, anakaa mlangoni. Nimempikia kila kitu. Nimewaleta mabinti wa shangazi zake, wazuri, wamekaa hapo hapo sebuleni, anawaambia karibuni tena. Hee! Nimechoka kumtazama."

"Mama, mimi shule ikifungwa nitakuja nikusalimie. Nitakupikia. Usipokula, sawa, lakini uniambie mwenyewe nikiwa nakuona. Sitaki tena kuambiwa na mtu."

Huko Kondoa kifuniko cha chungu kiligongwa.

"Unajua kusonga ugali wa uwele?"

"Wa mtama najua, mama. Wa uwele utanifundisha."

"Mh. Baba yako anajua unaongea na mimi?"

"Atajua leo."

"Haya. Njoo." Sauti ilikuwa imeshuka, imekuwa ya mama mtu mzima aliyechoka. "Nikikukataa, nikukatae ninakujua. Na usipande hilo lori la madawati, litakuvunja mgongo. Panda basi, ukae mbele."

Simu ikakatika. Mudrick alikuwa ameshikilia mlango wa Canter kwa mikono miwili.

"Amesema nini?"

Anyesi alifuta macho, akamrudishia simu, na safari hii vidole vyao vilipogusana hakuna aliyeondoa cha kwake.

"Amesema nikae mbele."